Rocoto kwa joto la Dar?
Dada, umeuliza pa kupata mbegu za rocoto upande kwenye ndoo zako hapo Dar. Mimi ningeiacha. Ni pilipili ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, ile yenye mbegu nyeusi na maua ya zambarau, na joto la pwani huipukutisha maua kabla haijazaa. Kama una ndugu Lushoto au Njombe, mpelekee yeye. Wewe tafuta habanero ya kahawia; ni spishi moja na pilipili mbuzi, joto haliisumbui sana.

Ukiagiza mbegu nje, omba kwanza kibali TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (walioko Kenya ni KEPHIS), la sivyo mzigo unaweza kuzuiwa. Rahisi zaidi ni kuomba tunda lililoiva kabisa kwa mtu anayepanda hiyo habanero. Toa mbegu, anika kivulini, fukia kina cha nusu sentimita tu. Maji kidogo kidogo, zikilowa sana zinaoza. Usizitupe mapema, habanero inaweza kukaa hata wiki 3 kabla ya kuchipua. Tunda likitoka kwenye bustani yenye pilipili mbuzi pembeni, unaweza kuvuna chotara. Na unapotoa hizo mbegu vaa glavu, hasa kama una mtoto anayenyonya!