Kwa nyie mnaoanza kazi wizara ya afya, jueni kwanza nani ameshika nini

Vijana wangu, hongereni kwa kupata kazi. Nimekaa sana kwenye afya, kwanza wilayani alafu Kampala, na kitu ninachotaka mkijue mapema ni kwamba waziri wa afya hapa Uganda analaumiwa kwa mambo mengi ambayo amri yake haifiki.

Chukua nesi wa kituo cha ngazi ya tatu huko Karamoja. Wizara haijamuajiri, wilaya ndo imemuajiri, na kumuadhibu pia ni kazi ya wilaya. Dawa zinanunuliwa na kusambazwa na NMS, yaani bohari ya dawa ya taifa, ambao wana fungu lao kwenye bajeti, hela yenyewe iko wizara ya fedha. Alafu mama akifika na mtoto ana homa akakosa dawa ya malaria, redioni asubuhi yote ni waziri waziri, na nyie ndo mnaandaa majibu.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti kwamba dawa zimeisha usikimbilie kuandika barua. Nenda kituoni, omba kadi ya stoo, soma kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, alafu linganisha na rejista ya wagonjwa. Ukikuta vipimo vya malaria vimejaa na dawa zimeisha zamani, si lazima ziwe zimeibwa. Vituo vidogo kwa miaka mingi vimepelekewa boksi lililopangwa huko juu, na kuna kituo kinapokea watu wa vijiji vingi kuliko boksi lilivyokadiria. Ila kadi ikisema makatoni yapo na rafu ni tupu, mpigie DHO, yaani mkuu wa afya wa wilaya, hapo hapo kabla hujapanda gari.

Kuhusu hela sitasema mengi. 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kwamba afya ipate asilimia 15 ya bajeti, mwaka huo huo sisi tukafuta malipo kwenye vituo vya serikali, wagonjwa wakajaa ila hiyo 15 haikuja, pengo likazibwa na wafadhili. 2025 Marekani ilipokata misaada, kliniki za HIV zikaambiwa ziunganishwe na OPD, yaani huduma ya kawaida ya wagonjwa wa nje, haraka haraka, na wafanyakazi wa mikataba wakarudi nyumbani. Mradi wowote ukija mezani uliza mshahara wa kaunsela anayewashauri wagonjwa atalipa nani mfadhili akiondoka, uliza hata kama wakubwa wananuna.

Na Ebola jamani. Septemba 2022 ilipotokea wilaya ya Mubende ilikuwa aina ya Sudan, chanjo iliyokuwepo ni ya aina ya Zaire, so hatukuwa na sindano ya kuwapa watu. Kilichobaki ni kutafuta kila aliyemgusa mgonjwa, na nyumba hazifunguki kwa sababu umekuja na gari la wizara, zinafunguka kwa VHT, yaani mtu wa timu ya afya ya kijiji, wanayemjua, anayejitolea bila mshahara. Ilitangazwa kuisha Januari 2023. Sasa kila mwaka bajeti ikibana, posho ya VHT iko kwenye mistari ya kwanza kuguswa. Ukiwa kwenye hicho kikao, pinga, na waombe waandike kwamba umepinga.