Mwache Mungu Wao, Shika Sheria

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nimekubali kuzungumza kwenye mdahalo kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja, sasa usingizi umeniruka. Mimi siamini Mungu, ukumbi mzima unaamini. Wakinitolea maandiko niwajibu nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiwajibu kitu.

Ushauri wenyewe ndio huo. Yaliyobaki ni hadithi ya jinsi nilivyoupata, na ni ndefu kwa sababu niliulipia. Tena umeniandikia wakati mzuri, maana wiki mbili zilizopita nimeshinda mdahalo wa mada hiyo hiyo. Nitajisifu bila kuona haya: kura za upande wetu kabla ya kuanza zilikuwa 34, tulipomaliza zilikuwa 71. Ukumbi wenyewe ulikuwa umejaa watu wa dini. Sikumgusa Mungu wao hata mara moja.

Miaka tisa iliyopita nilimgusa.

Wakati ule ndio nilikuwa nimetoka nyumbani. Niseme vizuri: nilitolewa. Mama aligundua kwamba binti yake anapenda wanawake, na ndani ya saa moja begi langu lilikuwa nje ya mlango. Sijamsamehe, na wala sijaombwa msamaha, kwa hiyo tuko sawa. Aliyenipokea ni mama mdogo, mtu wa sala asubuhi na jioni, ambaye hakuniuliza swali lolote ila kama nimekula. Imani yangu ilikuwa imekwisha kufa zamani kabla ya hapo. Nilikuwa nimejiunga na kikundi kidogo cha watu wa falsafa ya utu, wale wanaoamini kwamba wema hauhitaji ahadi ya pepo wala tishio la moto, kwamba mtu anastahili heshima kwa kuwa ni mtu. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nimesoma. Ukiwa na vyote viwili kwa pamoja ni rahisi sana kujiona nabii.

Nikaalikwa kwenye mdahalo. Nilijiandaa mwezi mzima. Unajua niliandaa nini? Orodha ya aya 41 zinazopingana. Nilipanda jukwaani nikazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ya kejeli, na wenzangu wa safu ya nyuma walicheka hadi wakapiga meza. Nilijisikia mfalme. Katikati ya aya ya ishirini na kitu nikamwona mama mdogo safu ya tatu anainuka. Akachukua mkoba wake, akaomba radhi kwa waliokaa kando yake, akatoka polepole bila kuubamiza mlango. Nikaendelea kusoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliendelea kusoma.

Kura zetu zilishuka. Yaani nilifungua mdomo nikapoteza hata waliokuja wakiwa upande wangu.

Nyumbani usiku ule mama mdogo aliniwekea chakula kama kawaida. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikwenda kukutetea. Nimekukuta unanisema mimi."

Sina haja ya kukusimulia miezi iliyofuata. Nilinuna, nikajihurumia, nikaandika makala nyingi mbaya ambazo nashukuru zimefutika. Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa kikundi chetu, shoga (neno hilo alilitumia mwenyewe, kwa raha zake), aliyekuwa na tabia ya kujibu kila swali kwa mwaka. Ukimuuliza saa ngapi anakujibu 1835, mwaka ambao wanaume wawili, James Pratt na John Smith, walinyongwa London na kuwa wa mwisho kuuawa Uingereza kwa kosa la mapenzi ya wanaume kwa wanaume.

Nilimuuliza kwa nini nilishindwa wakati kila nilichosema kilikuwa kweli. Akasema: 1791.

Mwaka huo Ufaransa, katika mapinduzi yake, iliandika sheria mpya ya makosa ya jinai. Ndani ya sheria hiyo hayakuonekana kukufuru, uzushi wa kidini, uchawi, wala mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Waandishi hawakuandika popote kwamba mambo hayo ni mazuri, na wengi wao huenda waliyachukia. Waliona tu kwamba yasiyomdhuru mtu mwingine si kazi ya hakimu. Aliyemkufuru Mungu na aliyempenda mwanamume mwenzake walitoka gerezani kwa mlango mmoja. Ndiyo maana, alisema mzee, sisi mashoga na wasioamini ni ndugu hata tusipopendana: aliyetufunga ni mmoja, na silaha yake ilikuwa kulifanya kosa la madhabahuni kuwa kosa la mahakamani.

Akaniuliza, wewe ulipopanda jukwaani ulitetea nini? Ulimtetea mtu asifungwe, au uliwataka watu waache kusali?

Nilikaa kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Hapa ndipo tunapojikwaa wengi, na nina hakika wewe unayesoma utajikwaa pia kama hujajikwaa tayari. Maswali ni mawili. La kwanza ni kama Mungu yupo na anataka nini. La pili ni kama dola imfunge, imfukuze kazi au imnyime mtu urithi kwa sababu ya ampendaye. La kwanza liache. Unaweza kulishinda mwaka mzima na bado mtu wako akafungwa. La pili unaweza kulishinda ukiwa bega kwa bega na mtu anayekuombea uokoke.

Hata neno lenyewe usekula, yaani kuiweka dini kando ya mambo ya dola, lilizaliwa hivyo. George Holyoake, Mwingereza aliyewahi kufungwa miezi sita mwaka 1842 kwa kosa la kukufuru, alilibuni mwaka 1851 akitaka jina tofauti na la kukana Mungu, ili anayeamini na asiyeamini waweze kushughulikia mambo ya dunia hii pamoja. Mtu aliyelala gerezani kwa ajili ya maneno yake juu ya Mungu ndiye aliyeona busara ya kuliweka suala la Mungu kando. Mimi, ambaye hata faini sijawahi kutozwa, nilikuwa nimeng'ang'ania aya 41.

Mzee alipenda pia mwaka 1977. Gazeti moja la mashoga la Uingereza, Gay News, lilikuwa limechapisha shairi kumhusu Yesu na mapenzi ya askari wa Kirumi. Mary Whitehouse, mwanaharakati wa maadili ya Kikristo, akafungua mashtaka ya kukufuru, na mhariri Denis Lemon akatiwa hatiani. Ukiangalia vizuri, sheria iliyotumika haikutaja ushoga hata kidogo. Mapenzi ya wanaume wawili faraghani yalikuwa yamekwisha kuruhusiwa huko England na Wales tangu 1967. Sheria ya kulinda dini ndiyo iliyowapata. Mwaka 1979 kikundi cha mashoga wa falsafa ya utu kikaanzishwa nchini humo, ambacho baadaye kiliitwa Gay and Lesbian Humanist Association. Pamoja na kampeni zao walifanya jambo ambalo mimi hunigusa zaidi: waliendesha mazishi na sherehe za wapenzi wasio na dini, wakati ambapo hakuna sheria iliyoutambua uhusiano wao. Kosa la kukufuru huko England na Wales lilifutwa mwaka 2008.

(Nikifa, nizikwe na watu wanaomjua niliyeishi naye, na aitwe kwa jina lake mbele ya kaburi. Nimeliandika hilo na kulitia saini. Wewe nawe andika, usiwaachie watu wakisie.)

Basi, wiki mbili zilizopita. Mpinzani wangu alikuwa mhubiri mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Akaanza na maandiko, kama nilivyotarajia. Zamu yangu ilipofika nilisema: "Tuchukulie kwamba kila alichosema mwenzangu ni sahihi. Ni dhambi. Sasa naomba mniambie, ni dhambi gani nyingine mnataka polisi waje kuikamata?" Kutosali ni dhambi. Kusengenya ni dhambi. Kuabudu mungu wa jirani ni dhambi kwa jirani wa pili. Nikawaangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyetaka polisi.

Kisha nikamwita shahidi wa upande wao. Michael Ramsey, Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, aliunga mkono katika miaka ya 1960 kuondolewa kwa adhabu ya jinai, ilhali akiamini kwamba tendo lenyewe ni dhambi. Hakubadili imani yake. Alikataa tu kuazima gereza kwa kazi ya mimbari. Nikamtaja na Desmond Tutu, askofu wa Kianglikana wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2013 alisema waziwazi kwamba angekataa kwenda kwenye mbingu inayochukia mashoga. Huyo alikwenda mbali zaidi, na ukumbi ulinguruma kidogo, lakini hakuna aliyeweza kusema Tutu hakumjua Mungu.

Mhubiri akasimama: usekula wenu ni mlango wa kufuta dini! Nikamjibu kwamba serikali isiyo na dini ndiyo inayomlinda yeye siku waumini wa dhehebu jingine watakapokuwa wengi kuliko wake. Hapo nilipigiwa makofi na watu nisiowatarajia. Baadaye akaomba mfano wa mahakama iliyolinda haki hizi bila "kupotoka". Nikampa Mahakama ya Juu ya Kenya, Februari 2023, majaji watatu dhidi ya wawili: kukataa kusajili shirika la watetezi wa haki za mashoga na wasagaji ni ubaguzi, kwa kuwa haki ya kujumuika ni ya kila mtu. Majaji hawakumwambia mtu apende asichokipenda. Sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja ilibaki palepale. Ni hatua ndogo, lakini ilikuwa ya kisheria na hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Sasa wasioamini wenzangu, na nyinyi nina neno nanyi, maana mnanichosha kuliko wahubiri. Acheni kusema dini ikiisha haki zitajileta. Muungano wa Kisovyeti ulipiga vita dini kwa nguvu zote, na bado kati ya 1933 na 1934 ukarudisha adhabu ya kifungo kwa wanaume wapendanao. Urusi ilikuja kuifuta mwaka 1993. Upande wa pili Denmark, yenye kanisa la taifa mpaka leo, ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusajili uhusiano wa wapenzi wa jinsia moja, mwaka 1989. Kwa hiyo hata neno usekula kwenye katiba si hirizi. Afrika Kusini ilifanya la maana zaidi: ilitaja mwelekeo wa kimapenzi ndani ya katiba yake ya 1996 miongoni mwa mambo ambayo mtu habaguliwi kwayo. Iliandikwa, ikasomeka, na mwaka 2006 ndoa zikafuata.

Nakuomba pia, mdogo wangu, usijitaje kama hapo ulipo sheria inaweza kukufunga. Watu watakusukuma uthibitishe ujasiri wako. Wengi wa wanaokusukuma hawatakuja kukutolea dhamana. Hoja ya sheria haihitaji useme unalala na nani. Ndio uzuri wake. Mimi nilijitaja kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupoteza cha kupoteza, na nakiri kuna siku nilijitaja ili tu mama asikie. Hakusikia. Au alisikia.

Mengine ni madogo. Usicheke mtu. Usisome aya, hata ile unayoijua kuliko wao. Wakikurudisha kwenye aya, uliza tena swali la polisi. Wakikurudisha mara ya tatu, uliza mara ya tatu, kwa upole ule ule. Na kabla ya kupanda, mtafute mtu mmoja ukumbini anayeamini na anayekupenda, uzungumze ukimwangalia yeye. Ukiona sentensi inayokuja huwezi kumwambia huyo usoni, imeze.

Mimi mara hii nilimwomba mama mdogo asije. Alikuja. Alikaa safu ya tatu tena, na mkoba wake magotini, nami nikazungumza dakika kumi na mbili nikiuangalia ule mkoba. Tulipotoka nilimuuliza imekuwaje. Akasema nilikuwa naongea haraka mno, na yule mhubiri amekonda, hali yake si nzuri, angependa kumwombea.