Barua kwa mwanangu aliyeamua kuacha pombe

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na nimefurahi kwamba umeniuliza mimi badala ya kuhangaika peke yako. Unasema umeamua kuacha pombe, unataka kujua utapataje kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha hapo Nairobi karibu na unapokaa, na utajuaje kwamba hawatakutangaza.

Kabla ya kikundi kuna hospitali. Ikiwa unaamka mikono ikitetemeka mpaka uonje kidogo ndipo itulie, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa mara moja, unaweza kupata degedege au kuweweseka katika siku tatu nne za mwanzo, na wako wanaokufa kwa hilo. Daktari ana dawa za kukuvusha siku hizo salama, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo. Mweleze kiasi unachokunywa hasa, wala si kile unachomtajia mama yako.

Ukiwa hapo hospitalini, muulize mshauri nasaha ni vikundi gani anavyovifahamu katika eneo lako. Vilevile piga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya. Mweleze anayepokea mtaa unaokaa, mahali unapofanyia kazi na saa unayotoka, maana usipotaja hayo utapewa jina la mahali ambapo hutafika hata siku moja.

Wengi watakutajia AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe bila kutangazana. Chama hicho kilianza mwaka 1935 mjini Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa watu wawili tu, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walioona kwamba kuzungumza na mwenzao mwenye shida ileile kuliwashikilia pale ambapo nasaha za wengine zilishindwa. Sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada, kapu hupitishwa, ukiwa nacho unatia, ukiwa huna unampa jirani yako aendelee nalo.

Nimewahi kumsindikiza mwenzangu wa bandarini kwenye mkutano wa wazi, yaani ule ambao hata asiyekunywa huruhusiwa kukaa na kusikiliza. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa duara, chupa ya chai iko pembeni, na niliangaza macho nikitafuta daftari la kuandikisha majina nisilione. Kila mtu alijitaja kwa jina lake la kwanza tu. Mzee mmoja aliyeonekana kuwa na cheo alisimulia jinsi alivyoficha chupa ndani ya tangi la maji la choo, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa nusu yao walikuwa na maficho yao. Zamu ilipomfikia mwenzangu alisema leo anasikiliza tu, wakamshukuru, wakaendelea.

Umeandika kwa mafumbo kwamba unaona haya, kijana wa Kiislamu, kuonekana ukiingia ukumbi wa kanisa. Kumbi hizo mara nyingi hukodishwa au huazimwa tu, na AA si tawi la dini yoyote; hatua zao kumi na mbili wanazozifuata ili kuacha pombe humtaja Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu, na wakifunga kwa dua usiyoizoea, kaa kimya. (Mlango wa baa ya mtaani kwako nao hauna pazia, mwanangu.) Ukiona bado ni vigumu, chagua kikundi kilicho njiani kati ya kazini na nyumbani badala ya kile cha mtaani kwenu, ushuke matatu kama mtu mwenye shughuli zake. Mimi ningetazama saa kuliko jina la kikundi: kwa kuwa kiu yako hukujia jioni, hasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kikundi cha Jumapili asubuhi pekee hakitakufaa hata kiwe na watu wazuri namna gani. Mikutano ya mtandaoni iweke kwa usiku usioweza kutoka.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Nenda mara kadhaa, umsikilize nani amekaa muda mrefu bila kunywa na anazungumza bila majivuno, kisha umwombe nambari yake ya simu, kwani huyo ndiye utakayempigia saa nne usiku. Lakini ukiona mtu anauza dawa za miti shamba, anadai malipo ya maombi, au anakuambia uache dawa za daktari, ondoka usirudi.

Kwa upande wetu, tangu mwaka 1951 kuna Al-Anon, chama cha jamaa za walevi, nami nitauliza kama wana mkutano huku Mombasa. Mama yako sijamwambia. Jambo hilo ni lako, ila usilicheleweshe hadi alisikie kwa shangazi yako.

Ukishapata siku na saa, niandikie, nisije nikakupigia simu ukiwa mkutanoni. Zile pesa za mwisho wa mwezi nimezisimamisha kwa sasa. Nauli ya mkutano nitakutumia kwa M-Pesa siku yenyewe, mchana.

Baba yako