Wanafunzi wa MBA kutoka Dar kwenda kushauri kampuni Nairobi: mjiandae hivi

Mkuu, umeuliza wanafunzi 6 wa MBA kutoka Dar wajiandaeje kwa siku 10 Nairobi, kushauri kampuni ya juisi ambayo maduka yanaacha kuagiza kwake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika hapa hapa Dar kabla hamjapanda basi.

Anzeni na swali. Kampuni nyingi huwaambia wanafunzi "tusaidieni kukuza mauzo", na hilo halijibiki kwa siku 10. Libaneni hadi lifikie hapa: kwa nini duka lililoagiza mara ya kwanza haliagizi tena ndani ya miezi miwili? Liandikeni kwenye karatasi moja, pamoja na jina la mwenye mamlaka ya kuamua (siyo ofisa uhusiano), data mtakazopewa na tarehe ya kuzipata. Ombeni ankara za miezi 12 za kila duka, si jumla ya mwezi. Zisipofika wiki 3 kabla ya safari, badilisheni swali liwe la kujibiwa kwa macho na mahojiano tu; ile ahadi ya "mtazikuta ofisini" msiitegemee. Zikifika, tengeni siku 2 za kuzisafisha. Duka moja huandikwa "Umoja", "Umoja Store" na "Duka la Umoja", kisha mnahesabu mawili yameacha kununua wakati mwenye duka hajaacha hata wiki moja.

Mtego mkubwa uko kwenye ankara zenyewe: zinaonyesha kilichoingia dukani, si kilichouzwa. Mwisho wa mwezi, mtu wa mauzo anayekimbizana na lengo humbebesha mwenye duka katoni 10 kwa mkopo. Ripoti ya mwezi huo inapendeza, mwezi unaofuata duka linaonekana limekufa. Haya mtayaona dukani tu. Angalieni vumbi juu ya katoni, someni tarehe ya kuisha muda kwenye chupa za nyuma ya rafu, hesabuni zilizobaki mlinganishe na ankara ya mwisho. Ziliingia 10, zimebaki 9 baada ya wiki 4? Basi juisi haiuziki, msihangaike na magari ya usambazaji.

Msikubali kuchaguliwa maduka, mtapelekwa kwa wateja wazuri. Chagueni wenyewe kwenye ankara, na angalau theluthi yawe yaliyoacha kununua. Jozi 3, kila jozi maduka 8 kwa siku, siku 3: mnapata 72, yanatosha. Mmoja anauliza, mwingine anaandika. "Unaipenda bidhaa hii?" itajibiwa ndiyo kwa adabu tu. Ulizeni "mara ya mwisho uliagiza lini, katoni ngapi, ulilipaje?", na ombeni kuona risiti. Mtu wa mauzo akiwasindikiza, mwenye duka hatataja deni, kwa hiyo rudini bila yeye. Tafuteni pia mwanafunzi wa huko huko wa kuongozana naye. Kiswahili cha Dar kinafungua mlango, lakini Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, itawapiga chenga.

Dodoso lijaribuni kwanza Kariakoo au Manzese Jumamosi moja. Bei mtakazokusanya zitasaidia kulinganisha faida ya mwenye duka, ila ondoeni VAT iliyomo: kiwango cha kawaida Kenya ni 16%, kwetu 18%.

Makaratasi si mengi. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi Kenya, pasipoti inatosha. Bebeni kadi ya homa ya manjano: chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanja wiki ya safari amechelewa. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi ya 2019, sisi tuna ya 2022, kwa hiyo namba za simu za wenye maduka ziacheni kwa kampuni. Kwenye faili lenu kila duka lipeni namba tu: D01, D02.

Siku ya 5 jioni mwonyesheni mwenye maamuzi matokeo ya awali. Hapo ndipo atawaambia kwamba gari la kusambaza kwenye maduka fulani lilikuwa gereji miezi miwili, kabla hamjaaibika mbele ya wakurugenzi. Ziara za viwandani na picha za pamoja zipeni siku moja, hata kama chuo kinazipenda.

Kwenye wasilisho la mwisho, kila pendekezo liwe na mhusika, gharama na tarehe ya kuanza. Faili la hesabu mwachieni meneja mauzo likiwa na fomula zake, siyo PDF, ili mwezi ujao aingize ankara mpya bila kuwapigia simu.