Nililalamikia pua miaka sita, kumbe kidevu

Mleta uzi, mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Una miaka 26, umeweka selfi tatu, programu ya simu imekupa alama 6.4 kwa 10 na kukuambia pua imezidi upana na taya halina mstari. Sasa unauliza kama ukipunguza pua na kuchoma fila (jeli ya kujazia chini ya ngozi) kwenye kidevu uso "utabalansi". Waliotangulia hapo juu, nusu wamekuambia Mungu hakukosea, nusu wamekuwekea namba za saluni. Mimi nilikuwa hapo ulipo miaka minne nyuma, na pesa ilinitoka, kwa hiyo ngoja nikueleze yangu. Ni ndefu, kaa na chai.

Pua yangu ni ya marehemu baba. Ukoo mzima tunayo. Tukikaa mkekani kwenye msiba kule Muheza, hata mgeni anajua nani wa damu na nani kaolewa. Haikunisumbua shuleni wala chuoni. Ilianza kunisumbua nilipopata simu yenye kamera nzuri ya mbele, ingawa hilo nililigundua baadaye sana. Kila nikijipiga, pua ndiyo inafika kwanza. Nikawa kwenye sendofu za mashoga zangu najitolea kuwapiga wengine picha ili mimi nisitokee. Miaka sita hiyo.

Kilichonishtua ni picha za pasipoti. Nilikwenda Kariakoo, studio ya mzee mmoja karibu na Mtaa wa Msimbazi, chumba chenye feni moja na shuka la bluu ukutani. Nikaisogelea kamera kama nilivyozoea na simu. "Rudi ukae kwenye stuli, mwanangu. Wewe usisogee, anayesogea ni lenzi." Mwenyewe akasimama karibu na mlango, kama mita mbili. Aliponipa picha nikamwambia amenipunguza pua kwenye kompyuta. Akacheka mpaka akavua miwani. "Kwa elfu tano hiyo nikuuzie na pua?"

Hakuwa amegusa kitu. Simu ukiishika kwa mkono iko kama sentimita 30 kutoka usoni. Pua iko karibu na lenzi, masikio yako mbali, na kilicho karibu hutokea kikubwa. Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover wa Chuo Kikuu cha Rutgers kule Marekani na wenzake walikokotoa kwamba picha ya sentimita 30 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30, ukilinganisha na picha ya mita moja na nusu. Asilimia 30! Na ile programu yako imepima pua hiyohiyo ya sentimita 30. Ongeza na habari ya kioo: uso unaoujua wewe ni wa kwenye kioo, umegeuzwa kushoto kulia, kwa hiyo picha isiyogeuzwa itakuonesha umepinda hata kama umepinda kidogo tu kama watu wengine wote.

Utadhani niliishia hapo. Wapi! Wiki tatu baadaye nilikuwa saluni Sinza.

Dada wa saluni alikuwa na maneno matamu, kila sentensi "kipenzi". Akanilaza kwenye kitanda cha kubandikia kope, akanifuta na spiriti, akatoa kitu kama kalamu. Haina sindano, akasema, inasukuma fila kwa presha, haiumi, nusu saa tu pua imekuwa nyembamba. Nikaomba kuona boksi la dawa. Boksi halikuwepo. Kulikuwa na kichupa chenye karatasi iliyobanduka nusu. Nikauliza, ikienda vibaya una dawa ya kuyeyusha? "Kuyeyusha nini tena, kipenzi?" Nikainuka, nikavaa viatu. Kianzio changu cha elfu themanini kiko huko mpaka leo.

Yafuatayo niliyajua baadaye, wewe yajue sasa. Fila haipunguzi chochote. Ni jeli, inaongeza. Wanachofanya puani ni kuinua mgongo wa pua ili kwa mbele mwanga uupige katikati na pua ionekane nyembamba. Mabawa ya pua yanabaki na upana uleule. Na pua ni mahali pabaya pa kujaribia, kwa sababu mishipa yake ya damu imeungana na inayolisha jicho. Jeli ikiingia mshipani inaweza kuozesha ngozi ya pua au kupofusha jicho, na yameshatokea hata mikononi mwa madaktari. Fila za asidi ya haialuroniki zina kimeng'enya cha kuziyeyusha, haialuronidesi, na mchomaji anatakiwa awe nacho mezani kabla hajakugusa. Zile kalamu za presha ndizo ambazo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo Oktoba 2021 watu wasizitumie. Mimi nilikuwa nimeshafutwa spiriti.

Baada ya Sinza ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: nikatafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, nikahakikisha jina lake limesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, nikaenda. Nilidhani atatazama pua. Akaanza na sikio. Nina kiloidi, kovu lililovimba, kama mbegu ya ukwaju nyuma ya sikio la kushoto, nilipotoboa tundu la pili. Akanieleza kwamba kupunguza mabawa ya pua ni kukata kipande pale bawa linapokutana na shavu, na kovu hufichwa kwenye mkunjo. Puani kiloidi hutokea mara chache, lakini mwenye historia kama yangu lazima aijue hatari kabla hajasaini. Na kama ni upasuaji wa pua nzima, uvimbe unaweza kuchukua mwaka kuisha kabisa, kwenye ngozi nene hata zaidi. Kisha akanigeuza upande, akanyamaza kidogo. "Pua naweza kukufanyia, dada. Lakini nenda kwanza kwa daktari wa kunyoosha meno, halafu urudi."

Nilichukia. Nimekuja na pua, ananipeleka kwenye meno.

Daktari wa meno alikuwa mama mtu mzima, hana haraka na mtu. Akanikalisha wima, akaniambia nilegeze midomo, akanipiga picha ya upande. Halafu akasema, "Sasa sogeza taya la chini mbele, polepole, mpaka meno ya mbele yakutane. Hapohapo, usiongee." Akapiga ya pili. Akaziweka zote mbili kwenye skrini. Kwenye ya pili pua yangu ilikuwa ndogo. Nikasogea kutafuta ujanja: mabawa yaleyale, ncha ileile. Kilichobadilika ni kidevu kuja mbele, na pua ikawa haina tena cha kuifanya ionekane imejitokeza. Akapima kwa kirula kidogo: meno yangu ya juu yameyatangulia ya chini kwa milimita 7. Taya la chini limekaa nyuma, na limekuwa nyuma tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu hakuna anayetukanwa mtaani kwa kidevu.

Aliniruhusu nizipige zile picha kwa simu yangu. Kwenye daladala mpaka Tabata nilikuwa nazipekua, moja, mbili, moja, mbili. Konda alinidai nauli mara tatu.

Hapa ndipo programu za kutoa alama zinaponiudhi. Baadhi zimejengwa juu ya kanuni za zamani za wasanii wa Ulaya: uso ugawanyike sehemu tatu sawa kwa urefu (mstari wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, hapo hadi kidevuni), sehemu tano kwa upana, na pua iwe na upana sawa na nafasi iliyopo kati ya macho. Hiyo ya mwisho kapime kwenye daladala ya Mbagala, uone watafaulu wangapi. Leslie Farkas, daktari aliyefanya kazi Toronto, mwaka 1985 alichapisha vipimo vya vijana wa Kizungu wenyewe wa Amerika Kaskazini, akaonesha kanuni nyingi kati ya hizo haziwakai hata wao. Programu haijui kwamba umeinamisha kichwa wala kwamba umebana midomo. Haijui una ukoo Muheza.

Nikarudi kwa yule bingwa. Machaguo yalikuwa bresi (vyuma vya kunyoosha meno) pamoja na upasuaji wa taya, hiyo ni nusu kaputi na wiki kadhaa za kunywa uji, au kusogeza mfupa wa kidevu peke yake, au kipandikizi, au fila ya kidevu, au kwenda nyumbani. Nikachagua fila kama jaribio, kwa kuwa inayeyuka. Mililita moja na nusu, boksi lilifunguliwa mbele ya macho yangu, kimeng'enya kiko kwenye trei. Iligharimu kodi ya miezi minne ya chumba changu.

Nilipenda? Kwa upande, mno. Kwa mbele sikuona kitu, na hili hakuna aliyenitahadharisha: uso wangu mimi nauona kwa mbele tu, kwenye kioo. Upande wangu anaufaidi abiria wa siti ya pembeni. Kazini hakuna aliyegundua. Mama aliniuliza kama nimeanza kula vizuri. Mwaka na miezi miwili baadaye ilikuwa imeisha yote, na sikurudia, si kwa ubaya, ila nikiwaza ile kodi ya miezi minne mkono unakuwa mzito. Mwaka jana nimefunga bresi kwa ajili ya meno yenyewe. Hazitaleta taya mbele, daktari kaniambia wazi. Pua haijaguswa, na kwenye sendofu siku hizi natokea.

Kwa hiyo mimi sikuambii usifanye. Wapo ambao pua ndiyo pua kweli, na wakifanyiwa na mtu sahihi wanatoka wanapendeza. Ila jambo moja usinijibu mimi, jijibu mwenyewe: kwa siku unatumia muda gani kwenye kioo na kamera kwa ajili ya hiyo pua? Kama inafika saa nzima au zaidi, au umeacha kwenda sehemu kwa sababu yake, anza na daktari wa afya ya akili. Upo ugonjwa wa kuona kasoro ambayo wengine hawaioni, na upasuaji kwa kawaida hauutibu. Unahamia kwenye kiungo kingine.

Kuhusu uso wako wenyewe, kwa selfi hizo siwezi kusema kitu, na anayesema anakudanganya. Mpe mtu simu asimame hatua tatu kutoka ulipo, avute zumu kidogo. Funga nywele nyuma, meno yakutane kama unavyotafuna, midomo ilegee, usitabasamu. Moja ya mbele, moja ya upande. Halafu ya tatu, upande uleule, ukiwa umesogeza taya la chini mbele kidogo. Hiyo ya tatu usiipeleke kwenye programu, itazame na ile ya pili kwa macho yako. Ukiona pua haijabadilika hata kidogo, basi rudi hapa tuongelee pua.