Maswali ya Wachoraji: Jua Linakimbia, Rangi Zinageuka Matope

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Mie niko Unguja, nachora kwa rangi za mafuta, jioni nakaa pale Forodhani nachora bahari na madau. Nikianza saa kumi na moja maji yana rangi ya fedha, nikifika katikati yashakuwa dhahabu, mara jua limezama, na mie kila yakibadilika nabadilisha na picha, mwisho wake yote inakuwa kijivu kichafu. Wenzangu wananambia piga picha kwa simu ukachore nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikum salaam. Mkono unao, wala usiwe na wasiwasi, tatizo unataka jioni nzima iingie kwenye ubao mmoja na haiingii. Monet wa Ufaransa alikutana na hilohilo mwaka 1892 na 1893 akichora kanisa kuu la Rouen, jengo limesimama palepale lakini mwanga unahama, basi akawa na kanvasi kadhaa pembeni, mwanga ukibadilika anaiweka hii chini anachukua ile inayolingana na saa hiyo, ndo maana zikatoka picha zaidi ya 30 za jengo lilelile, na baadaye akaendelea nazo nyumbani kwake Giverny.

Wewe si lazima kanvasi, maana bei yake tunaijua. Kata hadibodi vipande vidogo saizi ya daftari, vipake kwanza rangi ya kutandikia ili hadibodi isinywe mafuta, nenda na vitatu: kimoja cha saa kumi na moja, kimoja cha dhahabu, kimoja cha jua likishazama. Kwenye kila kimoja anza na mambo matatu tu, mbingu ina mwangaza kiasi gani, maji kiasi gani, na dau lililo jeusi kuliko yote liko wapi. Ukishayaweka hayo usiyaguse tena hata jua lifanye nini, malizia kwa kumbukumbu au rudi kesho saa ileile kama hali ya hewa ni ileile. Na fanya haraka, sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima, likishazama mwanga wa kuchorea haufiki hata nusu saa. Wale unaowaona YouTube wanachora taratibu jioni ya kiangazi huko Ulaya kaskazini wana muda ambao sisi hatuna.

Hayo matope sasa. Rangi ya chungwa ukiipitisha juu ya bluu mbichi lazima ife, hizo mbili zikichanganyika zinauana zinatoa kijivu. Ukitaka kubadilisha sehemu kwangua kwanza kwa kisu cha paleti, futa kwa kitambaa, ndo uweke mpya.

Jengine, pale Forodhani unatazama magharibi, jua liko usoni kwako. Tanga likipita mbele ya jua si jeupe hata kama unajua kitambaa chake ni cheupe, likodolee macho vizuri utaona limekuwa jeusi kuliko mbingu iliyo nyuma yake, labda ukingoni tu ndo kuna uzi mwembamba unaowaka. Usichukue nyeusi ya kwenye tyubu, changanya altramarini na siena iliyochomwa, ukizidisha bluu rangi inaonekana ya baridi, ukizidisha kahawia inaonekana ya joto.

Simu piga, lakini kwa ajili ya umbo la dau na kamba zake tu. Rangi usiiamini, mbele ya jua simu ama inaifanya mbingu nyeupe pee ama inayatia madau giza totoro, na jicho lako linaona vyote viwili. Kuliko simu afadhali penseli. Constable wa Uingereza mwaka 1821 na 1822 alikuwa anachora mawingu pale Hampstead, London, kwa rangi za mafuta juu ya karatasi, na nyuma ya nyingi anaandika tarehe, saa na upepo. Wewe andika kaskazi au kusi, na maji yamejaa au yamekupwa, maana penye mchanga mweupe maji yakijaa rangi ya bahari inabadilika kabisa, bila kuandika hutojua kesho urudi saa ngapi.

SWALI: Shikamoo mwalimu, nipo Moshi, nachora Kilimanjaro asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Msimu huu wa baridi rangi haikauki, wiki ya pili hii bado inanata. Niiweke karibu na moto?

JIBU: Marahaba, moto hapana. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi yako hayakauki kama maji, yanavuta hewa ya oksijeni taratibu ndo yanakuwa magumu, na baridi na unyevu vinachelewesha. Tabaka la chini lifanye jembamba kwa tapentaini kidogo, tumia rangi za udongo, kama ile siena, zinazowahi kukauka, mafuta yaongezee tabaka za juu, ukifanya kinyume picha itapasuka. Ianike penye mwanga na hewa, ukiifungia gizani mafuta yanaleta unjano.

Na matambara uliyofutia mafuta hayo usiyarundike kwenye kona au ndoo kavu, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanashika moto. Yatandaze nje moja moja yakauke au yaloweke kwenye maji kabla hujayatupa.