Swali la lugha: Fainali ya wanaume wawili, au ya wawili wawili?

Msomaji wetu wa Bukavu anauliza: "Jambo Mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa michezo kwenye redio moja ya hapa mjini. Nilikuwa natayarisha kipindi juu ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, nikaandika: 'Mwaka 1984 Yannick Noah na Henri Leconte walishinda fainali ya wanaume wawili.' Mkubwa wangu akafuta, akaweka 'maradufu ya wanaume', kwa sababu Wafaransa husema double. Mwenzangu wa zamu ya jioni anashikilia 'wawili wawili'. Mimi hiyo naiona kama lugha ya mtaani, bawili-bawili. Nani yuko sawa?"

Jambo sana, ndugu mtangazaji. Mwenzako wa zamu ya jioni ndiye aliye sawa, na hiyo bawili-bawili unayoionea haya ndiyo shahidi wake mkubwa.

Fikiria mama aliyeketi anachambua maharage huku redio inasema. Ukimwambia "fainali ya wanaume wawili", anaona wanaume wawili, mmoja huku, mmoja kule, wavu katikati. Hiyo ni fainali ya 1983, Noah alipomshinda Mats Wilander wa Uswidi. Ya 1984 ilikuwa na watu wanne uwanjani: Noah na Leconte upande mmoja, Pavel Složil na Tomáš Šmíd wa Chekoslovakia upande wa pili. Noah alishinda zote mbili, kwa hiyo jina lake halimsaidii msikilizaji kutofautisha. Kinachomsaidia ni lile neno moja uliloliacha.

Kurudia namba katika Kiswahili si pambo. Simama Nyawera, hapo Bukavu, jioni watu wakitoka kazini. Ukisema "abiria wawili wamepanda pikipiki", umehesabu vichwa viwili, basi. Ukisema "abiria wamepanda pikipiki wawili wawili", idadi yao hatuijui. Wanaweza kuwa kumi, wanaweza kuwa arobaini. Tunachojua ni kwamba kila motari amebeba wawili. Panda sasa mpaka soko la Kadutu. Mama anapanga nyanya juu ya gunia: nne chini, moja juu, anasogeza mkono, anaanza fungu jingine. Amezipanga tano tano. Hakuna atakayesema amepanga nyanya tano, maana mbele yake ziko hamsini na zaidi. Namba ikisemwa mara moja inahesabu. Ikisemwa mara mbili inagawa. Ndiyo maana waumini wakisikia kanisani kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, hawadhani kwamba kumi walibaki nyumbani.

Sasa, kuhusu mtaa. Sisi wa Kivu tunasema batu, batoto, bawili, pale ambapo Kiswahili sanifu kina watu, watoto, wawili. Kilichobadilika ni kiambishi cha mbele tu. Mpango wa kurudia ni uleule, na maana ni ileile. Inaniuma kuona vijana wetu wanaitupa kanuni safi kabisa kwa kuwa waliisikia kwanza kwa bibi zao. Hewani weka wa- badala ya ba-, kazi imekwisha. Andika maneno mawili yaliyoachana, bila kistari, na uyapatanishe na nomino: wachezaji wawili wawili, mipira miwili miwili, raketi mbili mbili. Anapocheza mtu peke yake kila upande, sema "mchezaji mmoja mmoja".

"Maradufu" ni neno zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Bei ya makala (mkaa) hupanda maradufu, yaani inakuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Katika tenisi ya wawili wawili ni wachezaji tu walioongezeka mara mbili. Uwanja haukuongezeka hivyo: upana unatoka mita 8.23 kwenda mita 10.97, kwa sababu vile vipande vya pembeni sasa vinahesabika, na urefu unabaki mita 23.77. Mkubwa wako alitafsiri neno la Kifaransa, hakutafsiri mchezo.

Umeniomba neno moja, lakini ukishaingia katika mchezo huu utahitaji mawili mengine.

La kwanza ni "jozi". Jozi ni kitu kimoja kisarufi, kama timu: jozi ya Noah na Leconte ilishinda. Ukiwataja watu wenyewe, rudi kwenye wa-: Noah na Leconte walishinda. Angalia hesabu pia. Mashindano makubwa kama Roland Garros na Wimbledon huanza na jozi 64 za wanaume. Ukiandika "wachezaji 64", umewafuta watu 64 kwa kalamu.

La pili ni "mwenzake", na hili ndilo linanisumbua zaidi ninaposikiliza redio. Kwa Kiswahili, mwenzako anaweza kuwa rafiki, anaweza pia kuwa yule mnayepambana naye. Tunasema "bondia amemwangusha mwenzake" na kila mtu anaelewa. Katika mchezo wa mmoja mmoja halina shida. Lakini watu wakiwa wanne, "Leconte akampigia mwenzake mpira" ni fumbo. Mwenzake yupi, Noah au mmoja wa wale wa ng'ambo ya wavu? Ushauri wangu: mwenzake abaki yule wa upande wake, na wa ng'ambo aitwe mpinzani kila mara, hata kama unaona unarudiarudia.

Ongeza na "pamoja" inapohitajika. Mapacha wa Marekani, Bob na Mike Bryan, walishinda pamoja mataji 16 ya wanaume wawili wawili katika mashindano manne makubwa. Mike peke yake ana 18, kwa sababu mwaka 2018 alitwaa mawili akiwa na Jack Sock. Ondoa "pamoja", na msikilizaji anayemjua Mike atakupigia simu kukusahihisha.

Sentensi yako basi iende hewani hivi: "Mwaka 1984 Yannick Noah na Henri Leconte walishinda fainali ya wanaume wawili wawili huko Roland Garros, mwaka mmoja baada ya Noah kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja."